Nyuma ya Risiti

Mvua ya Machi ilipiga Bumasobo siku mbili, ikaacha.
Siku ya tisa, alfajiri,
mibuni yote ya mteremko ilikuwa imevaa nyeupe
kama watu walioambiana usiku.

Mimi ni karani wa mizani.
Chama cha ushirika kilinipa kalamu ya bluu,
kiti chenye mguu mmoja mfupi,
na vitabu vya risiti vya nakala tatu:
nyeupe ya mkulima, ya njano ya ofisi,
na ya waridi, ambayo hajawahi mtu kuiuliza.
Machi hakuna kahawa ya kupima.
Naandika nyuma ya waridi.

Kiswahili nilikiokota Lwakhakha, mpakani,
nikiwa mbeba vitunguu wa shangazi Nambozo.
Wa ng'ambo walizicheka ngeli zangu,
ila Makokha, mwalimu aliyeuza soksi jioni,
alinionyesha kuhesabu silabi kwa vidole.
Nane, alisema, ni mzigo wa mtu mmoja.
Zinaitwa mizani.
Nilidhani ananitania.

Siku ya kwanza:

*Ua dogo la mbuni,*
*nyuki amefika kwanza,*
*mimi nasaka viatu.*

Siku ya pili, dirisha wazi,
panya amelala ndani ya gunia tupu:

*Harufu haina bei,*
*yaingia ofisini*
*bila kupanga foleni.*

Hili nililipenda. Nililisoma kwa sauti
mpaka mlinzi akauliza kama nimeita.

Siku ya tatu sikuandika kitu.
Nililitazama neno mvua.
Ondoa herufi mbili za mbele, linabaki ua.
Nikafurahi kama mtoto aliyeokota sarafu,
kisha nikakumbuka ua ni amri pia,
na mlima wetu huitii.
Juu kule, palipokuwa na shamba la akina Khainza,
udongo uliteremka mwaka juzi
na migomba ikiwa bado imesimama juu yake.

Naye ndiye aliyeingia, siku ya nne,
gumboti zimejaa tope,
akitafuta nakala ya risiti ya Novemba.
Maua nje yalikuwa yameanza kukunjamana.
Aliona karatasi ya waridi.
"Hii ni deni la nani?"
Nikamwambia si deni. Nikamsomea, aibu ikinikaba,
nikigonga meza kila silabi:

*Siku tatu ni nyeupe,*
*ya nne, yote ni kutu,*
*tawi lashika mimba.*

Alinyamaza. Nilingoja aseme ni nzuri.
"Umeandika weupe," akasema.
"Hofu hukuandika. Jana usiku nililala na sikio bati,
nikisikiliza kama ni maji au mawe.
Barafu ikipiga ua, Novemba unapima majani."

Kisha akainua vidole.
"Rudia. Ule wa mwisho."
Nikarudia. Nikagonga meza.
Akakunja kidole kimoja kimoja, taratibu,
kama anavyohesabu magunia yake mlangoni
akijua simtazami.

"Wa kwanza, nane. Wa pili, nane. Huu, saba."

Nikahesabu mwenyewe. Saba.

"Imepungua moja," Khainza akasema,
"kama kilo zangu hapa, kila msimu."

Mlinzi nje aliacha kufagia.
Niliangalia mshale wa mizani, ile ya chuma,
ambao meneja hupenda ulale
nywele moja chini ya sifuri,
na ambao mimi, miaka sita,
nimekuwa nikiupangusa vumbi bila kuugusa.

Nilivuta kitabu. Nikaweka kaboni mahali pake.
Tarehe. Jina: Khainza, wa Bumasobo.
Aina ya mzao: nikaacha wazi.
Anadai: silabi moja.
Nikatia sahihi, nikapiga muhuri.

Nyeupe akaikunja mara nne,
akaitia kwenye fundo la leso pamoja na ile ya Novemba,
akatoka, akipita katikati ya mibuni
bila kuigusa.